Shindano la insha za katiba kwa wanafunzi wa sheria: niandike BBI, Kadhi au bandari?

BintiMkomani

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu, nasoma bara, kwetu ni Amu (Lamu) mjini. Niko nyumbani likizo. Limetangazwa shindano la insha kwa wanafunzi wa sheria na mada yenyewe ni pana mno: swali lolote la kikatiba chini ya Katiba ya Kenya ya 2010. Maneno yasizidi 3000, tanbihi hazihesabiwi, lugha ni Kiingereza. Muda uliobaki ni wa kubana.

Nimechuja mpaka nimebaki na maswali matatu. La kwanza BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba uliozuiwa kortini, kama kuna sehemu za Katiba zisizofaa kuguswa hata wananchi wakitaka. La pili Mahakama ya Kadhi, hasa Kifungu cha 24(4) kinachoruhusu usawa upunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu katika ndoa, talaka na mirathi. La tatu ni bandari yetu hapa Kililana. Tangu niko shule nasikia wavuvi walishinda kesi. Kila mtu anasema walishinda, na mashangazi zangu wanasema walishinda, ila sijapata mtu wa kunieleza walishinda nini, maana bandari ipo na meli zinaingia.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Kama ni kunisuta nisuteni, bora hapa kuliko mbele ya majaji.

Mshazari

Chukua BBI dada, ulale mapema. Hukumu ziko tatu: Mahakama Kuu 13 Mei 2021, Rufaa 20 Agosti mwaka huohuo, Mahakama ya Juu 31 Machi 2022. Kila hoja imeshapigiwa kelele pande zote. Kazi yako ni kupanga tu na kutia tanbihi.

Casuarina80

Hilo ndilo litakalomwangusha. Nimewahi kukaa upande wa wanaosoma insha za wanafunzi. Insha ya BBI unaijua kabla hujaifungua. Ukurasa wa kwanza uko India, kesi ya Kesavananda ya 1973, majaji 13 waliogawanyika saba kwa sita. Ukurasa wa pili ni tarehe hizo tatu za Mshazari. Ukurasa wa tatu mwandishi anasema mahakama "imeweka mizani". Mizani baina ya nini na nini, hasemi. Ukifika ya nane unasoma ukiwa umefumba jicho moja.

Swali lenyewe halijafa, tusidanganyane. Mahakama ya Juu ilikataa nadharia ya muundo msingi, ile isemayo kuna sehemu za Katiba zisizoguswa kwa marekebisho ya kawaida, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, na huyo mmoja alikuwa Jaji Mohammed Ibrahim. Mtu akimshika Jaji Ibrahim peke yake, akauliza kama masharti ya Vifungu 255 hadi 257 (saini milioni moja, mabunge ya kaunti yasiyopungua 24, kisha Bunge, kisha kura ya maoni kwa mambo makubwa) yanatosha kuilinda Katiba na watu wenye pesa za kukusanya hizo saini, insha hiyo ningeisoma hadi mwisho.

Lakini BintiMkomani, jisome mwenyewe hapo juu. BBI umeipa sentensi moja. Bandari umeiandika kama mtu anayegombana na mtu.

Mkaa_Mkunguni

La Kadhi liache. Sisemi kwa ubaya, nakutakia heri. Babako Ijumaa atasimamishwa mlangoni mwa msikiti aulizwe mtoto wake ameandika nini.

BintiMkomani

Baba ndiye aliyenipa hukumu ya 30 Juni 2025 niisome. Alisema isome mwenyewe kabla hujasimuliwa barazani 😅

WakiliBarani

Baba ana busara. Kwa wasioifuata: swali lilikuwa kama watoto waliozaliwa nje ya ndoa inayotambuliwa na sheria ya Kiislamu wanarithi kwa baba yao Mwislamu. Mahakama ya Juu ikasema wasibaguliwe kwa namna walivyozaliwa. Ikasema pia kwamba mlango wa 24(4) ni mwembamba, usawa unapunguzwa kwa kiasi kile tu kinachohitajika kabisa.

Mkaa_Mkunguni

Kwa hiyo korti ya Nairobi itatufundisha mirathi. Walitupa Kadhi 2010 kwa mkono wa kulia, sasa wanamchukua kwa wa kushoto.

WakiliBarani

Hakuna aliyetupa Kadhi 2010, ndugu yangu. Alikuwamo kwenye Katiba ya uhuru, na hadi mwisho wa Katiba ya zamani alikuwa kifungu cha 66. Nyuma ya hapo kuna makubaliano ya 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza, halafu barua za Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakati ukanda wa maili kumi unaachiwa Kenya. Kulindwa kwa korti za Kadhi kulikuwa ndani ya barua hizo. Mei 2010 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 66 kinagongana na usawa. Haikufika miezi mitatu, tarehe 4 Agosti, wananchi wakapitisha Katiba mpya yenye Kifungu cha 170. Huwezi kuiandika habari hii kama zawadi wala kama wizi.

Na ukitaka insha ya Kadhi ambayo haijaandikwa na kila mtu, usiende kwenye mirathi kwanza. Nenda 170(5). Mahakama ya Kadhi inasikiliza shauri pale wahusika wote ni Waislamu *na wamekubali* mamlaka yake. Kukubali ni nini kwa mjane wa Ndau ambaye shemeji zake ndio walioita mashahidi, ndio waliolipa nauli ya boti, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kwenda Mahakama Kuu? Anasema "naam" mbele ya karani na shauri linaanza. Hapo pana insha nzima na hujamgusa mtu imani yake.

ShelaUpepo

Mimi ningeuliza la wanawake. Kifungu cha 170 kinasema tu mtu awe Mwislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu ya kuiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Hakitaji mume wala mke. Mbona hatujaona Kadhi mwanamke?

Mlinzi wa Jukwaa

Nimefuta majibu matano yaliyofuata hapa. Mjadala wa nani afae kuwa Kadhi kwa mujibu wa fiqhi una uzi wake jukwaa la dini. Hapa tumsaidie mwanafunzi.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, naona hakuna aliyekujibu la bandari, na mimi jina langu limo kwenye ile orodha ya wavuvi. Sheria siijui, bahari naijua.

Kuna jambo watu wa bara hawalielewi wakisikia "wavuvi wa Amu". Wakati wa kaskazi bahari ya nje ni yetu. Watoka na mashua mpaka nje ya mwamba, wavua, warudi. Kusi ikishaingia, nje hakwendeki na chombo kidogo, bahari yakuvunja. Hapo ndipo sote twaingia ndani: Mkanda, Manda, mbele ya Kililana. Twatega malema, mitego ya samaki, twavua kwa mshipi, wengine wafuata kaa kandokando ya mikoko. Miezi ile ya kusi ndiyo miezi ya njaa, na maji yale ya ndani ndiyo ghala letu.

Bandari ikaja kujengwa papo hapo. Si nje, si kando. Papo hapo. Mashine zilipoanza kuchimbua mkondo, lema ukilivuta lilitoka na tope mpaka mlangoni, na samaki hamna. Ukilisafisha, kesho yake ni vilevile. Baadaye watu waliacha hata kuyaosha, wakayaacha pwani yakauke.

Tena 2014, baada ya shambulio la Mpeketoni, ikaja kafyu na kuvua usiku kukakatazwa. Hilo ni jengine, lakini kwetu yalikuja pamoja.

2018 korti ikasema tulipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi kama 4,600. Gawanya. Yatoka kama laki tatu na elfu themanini kila mtu. Sizidharau. Lakini wakija wasomi waniulize mlishinda nini, mimi huwauliza wao: kusi ikiingia mimi nikatege wapi? Hilo sijaona limeandikwa pahali.

BintiMkomani

Shikamoo ami. Ahsante sana. Naomba kuuliza, hukumu yenyewe uliwahi kuisoma au kusomewa?

NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Tulisomewa ile sehemu ya fedha.

WakiliBarani

Hapo alipokomea Nahodha ndipo pa kuanzia. Kesi yenyewe ni Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Ombi namba 22 la 2012, majaji watano wa Mahakama Kuu. Magazeti yaliandika bilioni 1.76, na watu wakakumbuka bilioni 1.76. Lakini hukumu ni ndefu na kabla ya fedha mahakama inatamka kwamba haki zimevunjwa: haki ya mazingira safi, Kifungu cha 42, haki ya kupewa habari, cha 35, haki ya utamaduni, maana uvuvi ule ni maisha ya watu na si biashara tu, na wajibu wa serikali kushirikisha umma katika mambo ya mazingira. Soma amri zote za mwisho, moja baada ya nyingine, usiishie penye tarakimu.

Sasa weka kando yake kesi ya pili, ya hapohapo Lamu. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016, wenyeji kupitia Save Lamu wakakata rufaa kwa jopo la kitaifa la mazingira, lile tunaloliita NET. 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni, na sababu kubwa ni hiyohiyo: umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanywa mapema, ile ya kujitambulisha, lakini ripoti kamili ya athari ilipotoka watu hawakurudiwa nayo waijadili. Na kanuni ya 17 ya kanuni za 2003 iko wazi: mabango mahali pa watu wengi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoathirika.

Kaunti moja, haki ileile, kosa linalofanana sana. Mmoja kapata fedha, mwingine kapata mradi kusimama. Kwa nini? Mwanafunzi akinijibu hilo sawasawa katika maneno 3000 nitamwajiri.

Mshazari

Jibu rahisi. Moja ni korti, nyingine ni jopo la sheria ya mazingira. Vyombo tofauti, mamlaka tofauti. Insha imeisha kwa maneno 30.

WakiliBarani

Karibu, lakini hujamaliza. Vyombo tofauti, sawa. Tofauti yenyewe inafanya kazi vipi? Kifungu cha 129 cha Sheria ya Mazingira ya 1999 kilikuwa na kipengele kidogo kinachosema ukishakata rufaa kwa jopo, hali inabaki ilivyo hadi rufaa iamuliwe. Huombi. Ukishapeleka karatasi, mwenye leseni anangoja. Kwa hiyo 2019 jopo lilipoamua, kiwanda kilikuwa bado ni makaratasi.

Ombi la kikatiba halisimamishi kitu lenyewe. Lazima uombe amri ya muda na umshawishi jaji kwamba madhara ni makubwa kuliko hasara ya kuusimamisha mradi wa taifa. Hesabu mwenyewe: LAPSSET, ule mradi mkubwa ambao bandari hii ni sehemu yake, ilizinduliwa hapa 2 Machi 2012 mbele ya marais Kibaki na Salva Kiir na Waziri Mkuu wa Uhabeshi Meles Zenawi. Ombi ni la 2012. Ukandarasi wa gati tatu za kwanza ni wa 2014. Hukumu ni ya 2018. Meli ya kwanza ikapokewa 20 Mei 2021. Majaji walipokaa kuandika, saruji ilikuwa imeshamwagwa. Fedha ndiyo iliyokuwa imebaki mezani.

Na niongeze la pembeni. Mtu wa Amu akitaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi amezoea kuifuata huku kwetu Malindi. Anavuka kwa boti hadi Mokowe, basi, Witu, Garsen, na kuna miaka magari yalikuwa yakingoja msafara wa polisi. Anafika amechoka, anaambiwa shauri limeahirishwa. Kifungu cha 48 kinasema serikali ihakikishe haki inafikika. Nimewaona wateja wakilia pale kwenye benchi la nje si kwa kushindwa, ni kwa tarehe.

HindiMokowe

Nimesoma kimya lakini nitasema. Mnazungumza kana kwamba kusimamisha mradi ni ushindi wa kila mtu. Mimi mdogo wangu anafanya kazi bandarini. Barabara ya lami tuliipata kwa sababu ya hiyo LAPSSET. Miaka mingapi Lamu imelia kwamba serikali imetutupa? Korti ingesimamisha bandari 2012, leo mngekuwa mnaandika insha nyingine kwamba Nairobi inatunyima maendeleo. Wavuvi walipwe, ndiyo. Lakini watu 4,600 wasishike mlango wa kaunti nzima.

NahodhaMstaafu

Hakuna aliyesema isijengwe. Tulisema tuulizwe.

HindiMokowe

Na mngeulizwa mkasema hapana?

Casuarina80

BintiMkomani, nakili hayo mabishano ya mwisho uyaweke mbele yako unapoandika. Swali la HindiMokowe ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu, na ndilo ambalo insha nyingi hulikwepa. Kushirikishwa si kura ya turufu. Mahakama zetu zimesema hivyo mara nyingi. Mahakama ya Juu kwenye kesi ya kampuni ya tumbaku, Novemba 2019, ilieleza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi, lakini haikusema anayeshirikishwa lazima akubaliwe. Sasa kama watu wangeulizwa na bado bandari ingejengwa palepale, wamepoteza nini kwa kutoulizwa? Ukisema "heshima" tu, umeshindwa. Sema kitu kinachoshikika.

BintiMkomani

Naona jibu liko kwa Nahodha. Wangeulizwa, mtu wa kwanza kusimama angesema habari ya kusi. Hakuna mhandisi anayejua kwamba maji yale ni ya miezi fulani na kwa nini. Pengine bandari ingebaki Kililana, lakini uchimbuaji ungefanywa wakati wa kaskazi, wavuvi wakiwa nje. Au wangepewa vyombo vikubwa vya kutokea nje kusi ikivuma, kabla mashine hazijaingia. Kwa hiyo kilichopotea ni maarifa, na matokeo yake yanapimika.

Casuarina80

Haya. Hiyo naipenda. Endelea.

BintiMkomani

Nimekaa nayo usiku kucha. Hoja yangu sasa: nafuu anayopata mtu aliyenyimwa haki ya kushirikishwa haifuati uzito wa haki, inafuata mlango alioingilia na saa aliyofika. Aliyeingia kwa jopo, sheria ya kawaida ilimsimamishia mradi. Aliyeingia kwa Katiba yenyewe, iliyo juu ya sheria zote, hakusimamishiwa kitu. Kifungu kidogo cha sheria ya Bunge kikawa na nguvu kuliko Katiba.

Halafu Kifungu cha 70(2). Kinataja amri ambazo mahakama inaweza kutoa mazingira yakitishiwa: kwanza kuzuia au kusimamisha, pili kumlazimisha ofisa wa umma achukue hatua, tatu kumlipa fidia aliyeathirika. Fidia ni ya mwisho. Nataka kusema mpangilio huo una maana, fidia ije pale mbili za kwanza zimeshindikana.

Mshazari

Hapo nakubali, imekaa vizuri.

WakiliBarani

Mimi sikubali, na jaji yeyote mkali hatakubali. Kati ya ya pili na ya tatu pana neno "au". Orodha si ngazi. Ukisema mpangilio unafunga mikono ya mahakama, wakili wa serikali anakufungulia Kifungu cha 23(3), ambapo fidia inatajwa pamoja na amri nyingine chini ya maneno "nafuu inayofaa", na nyingine zote ziko sawa. Umekwisha.

Sema hivi badala yake: 70(3) kinasema mlalamishi hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara. Maana yake nini? Maana yake kifungu kizima kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayekuja *kabla* ya hasara. Kinamngoja mtu wa 2012, si wa 2018. Hapo unafika kulekule ulikotaka bila kulazimisha orodha iwe ngazi.

BintiMkomani

Subhanallah. Kifungu hicho nimekisoma mara ngapi na sikukiona hivyo.

ShelaUpepo

Swali la mtu asiyejua sheria. Kama kusimamisha ni kugumu na fidia haitoshi, hakuna njia ya katikati? Jaji hawezi kusema jengeni lakini rudini kwangu kila baada ya miezi kadhaa mnionyeshe mmefanya nini kwa wavuvi?

Casuarina80

Anaweza, na umeuliza kama mwanasheria. Kesi ya Mitu-Bell, watu waliobomolewa makazi karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Mahakama Kuu iliwahi kubaki na kesi mkononi na kuitaka serikali ilete mpango. Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, jaji akishahukumu amemaliza kazi. Mahakama ya Juu 11 Januari 2021 ikasema amri za usimamizi zinaruhusiwa chini ya 23(3), mradi ziwe mahususi na zinatekelezeka. Kesi ya Baadi iliamuliwa 2018, kabla ya mwongozo huo. BintiMkomani, hiyo ndiyo nusu ya pili ya insha yako. Usimlaumu jaji wa 2018 kwa kutotumia chombo ambacho uhalali wake ulikuwa bado unabishaniwa. Uliza mwingine atakayekuja kesho afanye nini.

Na hapo ndipo unamjibu HindiMokowe pia. Mradi unaendelea, mdogo wake anabaki kazini, na kusi ya kwanza haiwakuti wavuvi mikono mitupu.

HindiMokowe

Kwa hilo sina ugomvi. Ila ukiandika upande wangu, uandike kama nilivyousema. Usiniweke kama mtu aliyenunuliwa.

BintiMkomani

Nitauandika hivyohivyo, na nitaupa nafasi ya kutosha kabla ya kuujibu. Huu hapa mwanzo nilioandika leo asubuhi, nimeuweka kwa Kiswahili ili ami Nahodha aone:

"Tangu zama za kale jamii za binadamu zimejiwekea kanuni za kuongoza maisha yao. Katiba ni sheria mama. Kenya ilipata Katiba mpya 27 Agosti 2010, ambayo imesifiwa kuwa miongoni mwa katiba bora duniani. Insha hii inalenga kuchunguza ushirikishwaji wa umma..."

Casuarina80

Futa hadi nukta ya mwisho. Zama za kale hazikuomba leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Msomaji ana rundo la insha na zote zimeanza zama za kale.

WakiliBarani

😂 Ukali huo wa nini. Lakini ni kweli. Anza na zile kesi mbili. Wape mwaka, mahali na matokeo, halafu uliza.

BintiMkomani

"Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haki za wavuvi wa Lamu zilivunjwa katika ujenzi wa bandari, na ikaamuru walipwe. Mwaka 2019 jopo la mazingira lilitamka kwamba wakazi wa kaunti hiyohiyo hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa umeme wa makaa, na likaifuta leseni. Bandari ipo. Kiwanda hakipo. Insha hii inadai kwamba tofauti hiyo haikutokana na Katiba, ilitokana na kalenda, na kwamba Vifungu 23 na 70 vinaipa mahakama uwezo wa kutoiachia kalenda iamue."

Casuarina80

Sasa naweza kukaa chini nikasoma. "Haikutokana na Katiba" punguza makali kidogo. Sema haikutokana na Katiba peke yake. Utashikwa hapo.

NahodhaMstaafu

Mimi nauliza jambo moja. Habari ya malema na tope itaingia humo? Au ni ya majaji wa vitabu tu?

BintiMkomani

Itaingia ami. Nilitaka nije Mkunguni na daftari niwahoji wazee.

WakiliBarani

Hapo angalia. Ukihoji watu kwa ajili ya kazi ya chuo, vyuo vingi vinataka kibali cha maadili ya utafiti kwanza, na huna muda huo. Tena huhitaji. Ushahidi wa wavuvi umo ndani ya hukumu yenyewe, walitoa viapo na majaji wakaueleza. Nukuu kutoka humo kwa aya na namba. Kwa ami nenda ukamsalimie tu, na ukaonyeshwe Mkanda uko wapi, ili usije ukaandika kwamba bandari iko kisiwani kama nilivyoona kwenye andiko la mtu mmoja msomi kabisa.

NahodhaMstaafu

Njoo baada ya alasiri, maji yakijaa. Nitakutia kwenye dau uone mwenyewe.

WakiliBarani

Mawili ya mwisho kabla sijaingia kortini. Hukumu yoyote utakayoitegemea, fuatilia kama ina rufaa na imefikia wapi siku ile unayotuma, si siku uliyoanza kuandika. Na Kifungu cha 129 usikinukuu kutoka kwenye kitabu cha maktaba. Sheria ile imefanyiwa marekebisho, likiwamo la 2015, kwa hiyo tafuta maandishi yalivyokuwa rufaa ya makaa ilipowasilishwa, halafu yalivyo sasa, uyaweke kando kwa kando kwenye tanbihi. Si umesema tanbihi hazihesabiwi?